Uzi maalumu: Michoro myeupe kwenye majani ya mlimau. Usiyapukutishe, usikimbilie dawa, nisome kwanza

MamaNdimu (mleta mada)

Mbukwenyi wadau.

Tangu mvua zianze kuchanganya mwezi Desemba nimeshapigiwa simu na watu wanne, wote wa hapa Dodoma, wote wana mlimau au mndimu nyuma ya nyumba, na wote wanaeleza kitu kilekile. Majani mapya yametoka vizuri, laini, yanang'aa, halafu ndani ya wiki moja yamejaa michoro myeupe iliyopindapinda kama njia aliyopita konokono. Kisha kingo zinajikunja, jani linakakamaa. Huyo wa nne alikuwa tayari ameshika panga, anataka kuukata mti wote aanze upya.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: mti wako haufi. Kama una zaidi ya miaka minne ardhini, hata matunda hayatapungua kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kinachouumiza ni yale tunayoufanyia sisi baada ya kuiona michoro. Mimi niliyafanya yote, nitayasimulia.

Mwenye nafasi akae tuzungumze.

Mchoraji ni mtoto wa nondo. Dodoma hii ya ujenzi imetuzoesha nondo za chuma, lakini ninayemsema ni yule ndugu yake kipepeo, anayeruka usiku na kuzunguka taa. Huyu wetu ni mdogo sana. Ukimtandaza mabawa, toka ncha hii hadi ile ni kama milimita 4. Ana weupe wa kumetameta kama magamba ya dagaa, na kwenye ncha ya kila bawa ana kidoti cheusi. Mchana amelala chini ya jani au kwenye gome. Jua likizama ndiyo anaamka, na alfajiri anazunguka tena. Nimeishi naye miaka kadhaa uani kwangu bila kumjua kwa sura.

Kitaalamu anaitwa Phyllocnistis citrella. Jina hilo alipewa mwaka 1856 na Mwingereza mmoja, Stainton, kutokana na nondo waliotoka Calcutta, India. Kwao ni huko Asia, na milimau na michungwa nayo asili yake ni hukohuko, kwa hiyo mti na mdudu wake ni watu wa kijiji kimoja tangu zamani. Madukani wanamwita kidomozi. Jina hilo wanampa karibu kila mdudu anayechimba ndani ya jani, na hapo ndipo mkanganyiko wa dawa unapoanza.

Jike anataga yai mojamoja, mara nyingi karibu na mshipa wa katikati ya jani changa. Yai linafanana na tone la umande lililobonyezwa. Kiwavi akianguliwa hatembei juu ya jani hata hatua moja. Anatoboa palepale alipozaliwa na kuingia ndani, chini ya ngozi. Huko anakata seli za ngozi na kufyonza maji yake, huku akisonga mbele. Ngozi iliyobaki inakuwa kama nailoni, hewa inaingia chini yake, na huo ndio weupe unaouona. Ule mstari mwembamba wa kijivu unaopita katikati ya mchoro ni kinyesi chake.

Akishiba anafika ukingoni mwa jani, anasokota nyuzi za hariri, anajifunika kwa kukunja ukingo, na humo anageuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla hajawa nondo. Toka yai hadi nondo mpya, kukiwa na joto, inaweza kuchukua siku 13 tu. Kukiwa na baridi inaweza kufika hata 52.

Sasa shikeni jambo moja, maana kila nitakachosema kinatoka hapo: anaweza kuingia kwenye jani changa tu. Jani likishakomaa ngozi yake ni ngumu, kiwavi haingii. Ukiona jani gumu la kijani kibichi lina michoro, ujue hiyo ni kazi ya siku nyingi na mchoraji ameshaondoka zamani.

Narudi kusimulia makosa yangu, naweka sufuria chini kwanza.

MamaNdimu

Nimerudi.

Nilihamia huku Nala mwaka 2019. Nikapanda milimau mitatu, mndimu mmoja na mchungwa mmoja. Mwaka wa pili michoro ikaja. Nilikaa kwenye kigoda asubuhi nzima nikapukutisha kila jani lenye alama, ndoo mbili za lita 20, nikayachoma. Niliinuka mgongo unauma lakini moyo mweupe.

Baada ya wiki tatu hivi milimau ilichipua kila tawi. Mti ukinyang'anywa majani lazima uyarudishe, na unayarudisha yote kwa mkupuo, yote machanga, yote laini. Nikawa nimemwandalia nondo karamu. Michoro ya mara ya pili ilikuwa mingi kuliko ile niliyochoma. Halafu fikirieni lile jani nililolichoma: robo yake ina mchoro, robo tatu ni kijani kizima, bado linaupikia mti chakula. Nililitupa kwa sababu ya sura.

Hapo nikaenda duka la pembejeo. Duka sitalitaja na wala si lengo langu. Kijana hakuniuliza mti una umri gani wala majani yana hali gani, akanipa chupa, akasema piga kila wiki. Nikapiga mara tatu. Kiwavi yuko chini ya ngozi amejifunika, dawa imebaki juu ya ngozi. Waliokufa ni buibui, mabuu ya wale wadudu wa mabawa ya kijani wanaokula wenzao, na nyigu ambao wakati huo sikujua kuwa wapo. Mwezi uliofuata nikapata na utitiri, ambao sikuwahi kuwa nao. Hapo ndipo nilipokaa chini na kuanza kuchunguza badala ya kupiga dawa.

Mkazi wa Ilazo

Shikamoo mama. Uzi mzuri sana, nimeusoma mara mbili.

Mimi nina jambo linalonisumbua. Mlimau wangu unachorwa mwaka mzima, hata Agosti wakati kila kitu kimekauka na upepo unavuma vumbi. Mchungwa uko hatua nne tu pembeni, huo nauona una michoro wakati wa mvua, tena kidogo. Mti mmoja una laana gani mwingine usiwe nayo? Mlimau naumwagilia kila jioni maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo si kwamba umekosa matunzo.

MamaNdimu

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo nilitaka mtu aniulize, na jibu umelisema mwenyewe kwenye mstari wa mwisho.

Anza na mti. Mchungwa unachipua kwa vipindi. Unatoa majani mapya karibu yote kwa pamoja, yanakomaa kwa pamoja, halafu unatulia. Nondo anapata dirisha la wiki chache, kisha linafungwa. Mlimau na mndimu si hivyo. Hiyo haina tabia ya kutulia. Leo tawi hili, wiki ijayo tawi lile, kila siku kuna ncha laini mahali fulani. Ndiyo maana hata huko kwenye mashamba makubwa ya nje, malimau na ndimu ndiyo yanayolalamikiwa zaidi kuliko machungwa.

Sasa njoo kwenye maji. Dodoma yetu ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Mti wa huku ukiachwa na mvua peke yake utachipua mvua zikianza, majani yatakomaa, na toka Mei hadi Novemba utakaa na majani magumu ukisubiri. Miezi hiyo nondo huyu hana pa kutaga. Angepungua sana, labda abaki kwenye mti mmojammoja karibu na mabomba yanayovuja.

Lakini sisi tunafanyaje? Kila jioni beseni moja. Kidogo, kila siku, palepale shinani. Mti unapata unyevu wa kutosha kuendelea kuchipua lakini hautoshi kuzamisha mizizi chini. Kwa hiyo Agosti, wakati hakuna jani laini la jamii hii porini wala shambani, ncha za mlimau wako wa Ilazo ndizo chakula chake. Na wa jirani yako vilevile, na wangu mimi. Mvua zikija Desemba, nondo hawaanzi upya. Wanatoka kwenye nyua zetu wakiwa tayari ni wengi.

Sikuambii uache kumwagilia, mti wa huku bila maji ya kiangazi unateseka. Badilisha namna. Kusanya maji, mwagilia mara moja kwa wiki au kila siku kumi, mengi, yazame kabisa, na usimwagie shinani. Tazama kivuli cha mti saa sita mchana kinaishia wapi, chimba kijifereji kuzunguka hapo, maji yaende humo. Weka majani makavu au maganda ya karanga juu yake jua lisiyanyonye. Mti utachipua kwa mkupuo, utakomaza kwa mkupuo.

La pili, yale maotea yanayopanda wima kutoka chini ya shina au katikati ya mti, marefu, laini, yenye miiba mirefu: hayo yakate. Yanakua haraka na yana majani machanga wakati wote. Kama mti wako ni wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha limau kimeunganishwa kwenye shina la mti mwingine, na yanatoka chini ya kovu la kubebeshea, hayo hata si limau ulilonunua. Ila matawi mengine usiyaguse kwenye msimu wa michoro, maana kila unapokata, mti unajibu kwa kuchipua. Na samadi au urea usimwage mti ukiwa katikati ya shughuli hii, utakuwa unamwongezea nondo sahani.

Mimi tangu nibadilishe umwagiliaji, kiangazi kilichopita niliona michoro kwenye maotea tu.

Nyanya Mpunguzi

Samahani kama nitakuwa natoka nje ya mada. Huyu ndiye kantangaze? Maana na sisi kwenye nyanya majani yanachorwa hivyohivyo, na tulipoteza shamba zima.

MamaNdimu

Pole sana mkuu, najua kantangaze alivyowaumiza watu tangu alipoingia nchini mwaka 2014. Hapana, si huyu. Wote ni nondo na wote wanachimba jani, lakini ukoo tofauti. Kantangaze katoka Amerika ya Kusini, anakula nyanya na ndugu zake, na mchoro wake ni mpana kama bakabaka, siyo njia nyembamba yenye mstari katikati. Tena yeye anaingia hadi kwenye tunda. Huyu wa limau hayuko hivyo. Tunda la limau mara chache sana utaona kamchoro juu ya ganda, na ndani kuko salama kabisa.

Ninalokuomba, usichukue dawa ya kantangaze uje nayo kwenye mlimau kwa sababu michoro inafanana. Nimeona watu wakifanya hivyo.

Mzee wa Hombolo

Binti yangu, umeongea maneno ya kweli. Sisi zamani milimau haikumwagiliwa na mtu. Ilisimama pembeni ya bonde, ikanywa mvua. Michoro hiyo tuliiona mvua zikianza, ikaisha, hakuna aliyehangaika nayo, na malimau tulikuwa tunayaacha yanaoza chini.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Mimi nina zabibu hapa, ekari moja na nusu, na uzio wangu nimeweka milimau kwa sababu ya miiba. Huyo mdudu hawezi kuvuka akaingia kwenye zabibu? Na mikwaju je?

MamaNdimu

Shikamoo baba. Nashukuru umesema hilo la zamani, ushuhuda wako unanitia nguvu.

Zabibu zako ziko salama. Nondo huyu anashikamana na ukoo wa limau: limau, ndimu, chungwa, chenza, balungi. Hatoki hapo kwenda kwenye zabibu wala mkwaju. Ukiona michoro kwenye mti wa aina nyingine, ujue huo una mchoraji wake mwenyewe. Familia anayotoka huyu wetu ina karibu spishi 2,000 duniani zinazojulikana, na nyingi zimechagua mti mmoja au ukoo mmoja wa mti na hazibanduki hapo. Ulaya kuna ndugu yake mmoja aliyegunduliwa katikati ya miaka ya 1980 karibu na Ziwa Ohrid huko Macedonia, kwenye miti ya kivuli ya mitaani. Akasambaa nchi hadi nchi, mwaka 2002 akafika London. Majani ya mitaa mizima yanageuka kahawia kabla ya wakati wake, lakini miti inasimama na mwaka unaofuata inachipua tena.

Uzio wako uache hivyohivyo, baba. Una kazi nyingine nitakayoieleza kwenye ujumbe wangu unaofuata, wa majani niliyoyafungia kwenye chupa nione kitakachotoka.

Asali ya Itigi

Mimi ni mfugaji nyuki, naomba niongeze neno kabla ya hiyo chupa.

Wanajukwaa, ua la limau nyuki analipenda sana. Kuna dawa zinazouzwa za kumwaga kwenye udongo, mizizi inazinyonya, zinapanda hadi kwenye jani na kumfikia kiwavi hukohuko alikojificha. Kweli zinaua kiwavi. Ila zinapanda pia hadi kwenye ua, kwenye maji matamu na chavua, na nyuki anazibeba kwenda nazo mzingani. Umoja wa Ulaya ulizuia mwaka 2018 kutumia imidacloprid, ambayo ni mojawapo ya dawa hizo, na mbili nyingine za jamii hiyo nje ya nyumba za kuoteshea mimea, kwa sababu ya nyuki. Huku kwetu mtu anamwaga kwenye mti mmoja wa uani ili majani yapendeze.

Mizinga yangu iko mbali na mji, lakini jamaa yangu wa karibu na Manyoni aliamka akakuta nyuki wamelala chini ya mizinga kama mtama uliomwagika, wengine bado wanatikisa miguu. Nilikuwa naye siku hiyo. Tulikaa kimya muda mrefu. Sijui kusema zaidi ya hapo, ila naomba mtu anayesoma hapa aache chupa hiyo dukani.

MamaNdimu

Asante sana kaka. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Sasa chupa.

Baada ya yale ya dawa nilichuma majani yaliyokunjwa ukingo, yale ambayo kiwavi ameshajifungia humo. Nikachukua chupa safi ya siagi ya karanga, nikayaweka ndani na kipande cha karatasi kilicholowa kidogo yasikauke, nikafunga mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira. Nikaiweka dirishani mahali pasipo na jua kali. Kila asubuhi kabla ya chai naitazama.

Siku ya nne akatoka nondo wa kwanza. Hapo ndipo nilipomwona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza, amesimama kwenye kioo, mabawa yamebanwa mgongoni, mwembamba kuliko punje ya mchele iliyovunjika. Niliwaita wanangu. Siku ya tano hakuna. Siku ya sita nikaona vitu vyeusi vinatembea kwenye kitambaa kwa ndani. Nikadhani ni sisimizi. Nikachukua simu, nikaweka lenzi ya kukuzia mbele ya kamera, nikaona vina mabawa manne ya kioo, macho mekundu, mwili mweusi wenye mng'ao wa kijani. Nyigu. Wadogo kuliko punje ya mtama kwa mbali. Kwa wiki nzima nondo walitoka wanne. Nyigu niliacha kuwahesabu.

Nikavunja mkunjo mmoja wa jani kwa ncha ya sindano. Ndani kulikuwa na ngozi kavu ya kiwavi, imebaki kama ganda la kitunguu, na pembeni yake pupa nyeusi ya nyigu. Ule mkunjo aliutengeneza nondo kwa ajili ya mwanawe. Nyigu jike akaja akataga kwa kiwavi, mtoto wake akamla, akatumia chumba hichohicho kukua.

Kwa hiyo zile ndoo mbili nilizochoma mwaka ule, nilichoma na hao. Dawa nilizopiga, nilipiga hao. Jambo hili bado linaniuma kila nikilikumbuka.

Na hili si la kwangu peke yangu. Nondo huyu alifika Florida, Marekani, Mei 1993. Huko hakuwa na wa kumzuia, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameenea karibu jimbo zima la machungwa. Mwaka 1994 wataalamu wakaleta nyigu kutoka Australia, ambao Australia nayo ilikuwa imewatoa Thailand, jina lake Ageniaspis citricola. Huyo ana maajabu yake: yai moja analolitaga ndani ya mtoto wa nondo linagawanyika lenyewe, kutoka yai moja wanazaliwa nyigu wawili hadi kumi. Sisemi niliowaona kwenye chupa yangu ni hao. Nyigu wanaomwinda nondo huyu ni wa aina nyingi, na kila nchi anayofika, baadhi ya nyigu wenyeji wanajifunza kumwinda.

Mzee wa Hombolo, uzio wako usiopigwa dawa ndio hiyo kazi yake. Ni kitalu cha nyigu.

Muheza Kwetu

Dada, heshima kwako. Mimi niko Tanga lakini miche yangu mingi inakuja huko Dodoma, wateja ni wengi tangu ile kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ya 2017, na watu wanaojenga wanataka miti ya matunda.

Nakubaliana na yote kuhusu mti mkubwa. Ila usiwaache watu wafikiri kitaluni ni hivyohivyo. Mche wa kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, una majani nane au kumi. Yakichorwa matano, huo mche unadumaa, ncha inajikunja, unachelewa kufikia unene wa kubebesha. Mwaka mmoja nilichelewesha karibu nusu ya miche kwa sababu yake. Kwa hiyo mtu wa kitalu ana haki ya kufanya kitu.

MamaNdimu

Umenisahihisha kaka, na ni haki. Nami nina viriba vyangu pale barabarani, kwa hiyo hili nalijua kwa vitendo.

Mche mchanga na mti wa miaka miwili mitatu ya kwanza ni habari nyingine. Na kuna sababu ya zaidi ya kudumaa: kule Florida bakteria wa kansa ya machungwa walipata njia nyepesi ya kuingia kupitia hayo majeraha ya michoro. Ngozi ya jani imeshafunguliwa, ugonjwa unaingia tu.

Ninachofanya kitaluni ni hiki. Sisubiri michoro. Natazama ncha. Mche ukianza kutoa chipukizi la urefu wa kucha, ndipo ninapoanza mwarobaini. Na mwarobaini Dodoma tumejaliwa, kila mtaa upo. Naokota mbegu zilizoiva zikaanguka, natoa nyama, nakausha kivulini, siyo juani. Nikitaka kutumia nabangua, natwanga kokwa, gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, nalaza usiku kucha, asubuhi nachuja kwa kitambaa, naongeza sabuni ya kipande kidogo tu ili maji yashike kwenye jani. Napiga siku hiyohiyo jioni jua likishazama, kwa sababu jua linaiua nguvu yake, na pia huo ndio muda nondo anatoka kutafuta pa kutaga. Chini ya jani na juu. Narudia kila wiki hadi jani liwe gumu, naacha. Jike hapendi kutaga kwenye jani lenye mwarobaini, na kiwavi mchanga anayeingia anashindwa kujivua ngozi vizuri.

Majani ya mwarobaini watu wengi wanayatumia, lakini nguvu kubwa iko kwenye kokwa.

Lingine, usiweke kitalu chini ya mlimau mkubwa. Najua kivuli ni kizuri. Lakini unalaza watoto chini ya nyumba ya nondo. Mimi nilihamishia viriba upande wa pili wa nyumba, kwenye kivuli cha mwembe, na tofauti niliiona msimu huohuo.

Kwa mnunuzi: ukienda kununua mche, michoro kwenye majani ya chini yaliyokomaa isikutishe. Tazama ncha. Ncha ikiwa imenyooka na safi, chukua. Ncha ikiwa imejikunja kama ngumi, chagua mwingine.

Mkazi wa Ilazo

Mrejesho.

Mama, leo asubuhi nimechukua mwiba wa mlimau wenyewe nikafunua mchoro, kama wewe ulivyovunja ule mkunjo kwa sindano. Mwanzo wa njia ni mwembamba kama uzi, unapanuka unavyokwenda. Mwishoni kabisa nilimkuta. Ni wa kijani iliyoelekea njano, bapa, hana miguu inayoonekana, urefu kama milimita tatu. Nilipofunua ngozi alijikunjakunja. Binti yangu wa darasa la tatu alitaka kumfuga.

Kijifereji nimeshachimba. Maotea yalikuwa tisa, nimekata. Chupa ya dawa niliyonunua wiki iliyopita bado iko na kizibo chake, nitajaribu kuirudisha dukani.

Ila kwenye jani lingine nimekuta kiwavi hatikisiki, amenyauka kidogo, na ubavuni mwake kuna vitu viwili vyeupe vimegandana naye kama punje za sukari. Hivyo ni nini, ni mayai yake?

MamaNdimu

Hapana mwanangu. Kiwavi hatagi. Hivyo ni watoto wa nyigu, wameshaanza kula. Kama jani bado liko mtini, mrudishie ngozi yake taratibu uliache hapohapo. Kama ulishalichuma, litie chupani na kitambaa juu, mwonyeshe binti. Wakitoka wafungulieni chini ya mlimau jioni.